Ulimi wa Mkubwa Ujibu Mbele ya Sheria

Wandugu wa Kampemba, wafanyakazi wa migodi na wakaaji wote wa mji!

Mtu mdogo akimtukana jirani kwa ajili ya kabila lake, anapelekwa polisi. Mkubwa akilisema tusi lile lile mbele ya watu elfu, anapigiwa makofi. Sisi tunasema: hapana. Sheria ni moja.

Tusisahau. Mwaka 1992 liwali wa jimbo letu alikuwa Bwana Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Katika mikutano ya siasa ya siku zile, wandugu wenye asili ya Kasai waliitwa «bilulu», maana yake wadudu. Neno lilitoka kwenye kiti cha serikali, kwa hiyo vijana walilipokea kama amri. Likasi mwaka 1992, Kolwezi mwaka 1993: nyumba ziliporwa, watu walifukuzwa kazini Gécamines, jamaa nzima zililala kwenye gare majuma mengi zikingoja gari la moshi. Wengi walizaliwa hapa hapa. Wazee wao waliletwa na Union Minière kuchimba shaba. Watoto walikufa kwa njaa na magonjwa kabla ya kufika Kasai.

Na mwenye kiti je? Mwaka 2007 alikalia kiti kingine, cha Rais wa Baraza la Jimbo. Alifariki mwaka 2021.

Tena sheria ilikuwako. Tangu tarehe 7 Juni 1966 nchi yetu ina sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kukaa anapotaka. Hatukukosa karatasi. Tulikosa prokirere na jaji wa kufungua kitabu hicho wakati mkubwa angali kitini.

Hatutaki kufunga midomo ya watu. Bugumestre aseme juu ya barabara, maji, kodi na mishahara. Awalaumu wapinzani wake kwa nguvu zote. Lakini akitaja kabila la watu ili wachukiwe, ameacha siasa, ameingia katika uhalifu.

Basi, ukisikia maneno ya namna hiyo, andika siku, mahali, maneno yenyewe na majina ya mashahidi. Peleka mashtaka kwa prokirere. Usirudishe tusi, wala usitupe jiwe. Na siku ya kura, mnyime kura msemaji huyo, hata akiwa wa kabila lako.

Shimoni, mwamba ukianguka haumwulizi mtu kabila lake. Mwenzako ndiye anayekuchimbua.