Mkate wa sufuria: moto chini, moto juu

Mmoja wetu aliuliza kama mtu anaweza kupika mkate bila tanuru. Anaweza. Sufuria nzito, kifuniko bapa cha chuma na mbabula ya makala vinatosha.

Changanya unga wa ngano vikombe 4, chachu vijiko vidogo 2, chumvi kijiko kidogo 1 na sukari kijiko kikubwa 1. Tia maji ya vuguvugu kikombe 1 na nusu, kidogo kidogo. Kanda dakika 10, funika kwa kitambaa, ngoja saa 1. Paka sufuria mafuta, weka donge ndani, liumuke tena dakika 20.

Sasa moto, na hapo ndipo wengi tunaharibu. Mkate wangu wa kwanza ulikuwa mweusi chini, mbichi katikati, na watoto wakaenda shule na chai tupu. Haraka yangu tu! Ngoja makala yawe mekundu na kushika majivu. Hata ukitumia kuni, ngoja miali iishe. Acha makala machache chini, mengi yapange juu ya kifuniko. Baada ya dakika 30 gonga mkate kwa chini: ukilia kama ngoma, umeiva.

Pika jioni, asubuhi mtakula. Mvua ikinyesha, kaa barazani, usiingize mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa: sumu ya makala haionekani, na huua watu wakiwa usingizini. Kile kifuniko chenye makala, mtoto asikikaribie.