NJUKA NAYE ANA MDOMO!



Wiki hii nazungumza na nyie mnaopokea wageni shuleni na nyie mnaopokelewa. Kila Januari pale stendi ya Korogwe kidato cha kwanza wa bweni utawajua tu: tranka jipya linang'aa, godoro limefungwa kamba, ndoo, jembe, fagio, na mzazi pembeni anarudia nasaha zile zile kwa mara ya nne. Kuna anayetokea Handeni, kuna aliyetoka mkoa wa mbali hajui hata mtu mmoja. Ikifika Julai ni zamu ya kidato cha tano. Wote kichwani wana swali moja: huko ndani nitapokelewaje?

Jibu la zamani mnalijua. Njuka anasimamishwa juu ya kitanda, anaambiwa aimbe, akate kiuno, ampigie mama yake simu kwa kandambili. Bweni zima linaangua kicheko. Wakubwa wakiulizwa wanasema, "Utani tu, tunamchangamsha dogo." Sasa mbona wanaocheka ni wengine na anayelia ni yeye?

Jamani, utani tunaujua sisi. Wachaga na Wapare wanataniana mpaka leo, Wahehe na Wangoni walipigana vita na baadaye wakawa watani. Hata yule Mwingereza mtafiti wa ndege, R. E. Moreau, aliyefanya kazi Amani hapo jirani Muheza, aliuona utani wa Tanganyika akaona si jambo dogo, akauandikia makala miaka ya 1940.

Lakini utani una sheria yake: mtani anajibu. Mchaga akirusha dongo, Mpare naye analo lake mkononi, na mwisho wanacheka wote. Siku ya msiba huyo huyo mtani ndiye anayekuja kukuchekesha huku machozi yanakutoka. Njuka je? Akijibu anaambiwa hana adabu, usiku anakuta shuka limelowa. Huo si utani, ni uonevu uliovalishwa kanzu ya utani.

Haya, basi tuwachangamsheje? Shika michezo hii mitatu. Haina gharama, inataka midomo na miguu tu.

NIPE MJI

Huu mmeucheza kwa bibi. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Ukishindwa kusema yai, unadaiwa mji. Sasa ongezeni kanuni moja: anayeshindwa atoe mji wa kwao wa kweli, na aseme anamwachia mwenzake nini huko. Wa Handeni atoe mahindi yake na machungwa. Wa Korogwe atoe mkonge, reli na Mto Pangani. Aliyepewa mji anauliza swali moja: "Nikifika nifikie kwa nani?" Hapo ndipo utasikia habari za bibi, za mjomba mwenye baiskeli, za kaka anayeuza machungwa barabarani. Dakika kumi tu mnajuana kuliko wiki nzima ya "habari yako, nzuri".

Njuka ndiye aanze kutega, wakubwa washindwe kwanza. Kaka mkuu akitoa mji mbele ya kidato cha kwanza, hofu inapungua nusu.

MNYORORO WA MAJINA

Kaeni duara. Wa kwanza: "Mimi Zaina, napenda zambarau." Wa pili anamrudia Zaina na zambarau zake, halafu anajitaja: "Mimi Musa, napenda muhogo." Inaendelea hivyo hivyo. Anayesahau anasaidiwa na duara, hazomewi. Darasa la watu sitini lisifanye duara moja, mtakesha! Gaweni kumi kumi.

VUKA MTO

Chora mstari chini, uite Pangani. Mwenye kuongoza anasema: "Avuke aliyewahi kupanda treni!" "Avuke mwenye mdogo wake mtundu!" "Avuke ambaye jana hakulala vizuri kwa mawazo!" Hilo la mwisho ndilo lenyewe. Dogo alidhani ni yeye peke yake, kumbe anavuka na wenzake ishirini. Ila marufuku kuuliza mambo ya hela, dini, au nani hana baba. Na asiyetaka kuvuka abaki alipo, asiulizwe kwa nini.

Sasa nyie wa shule za kata msijifanye hayawahusu. Tangu mpango wa MMES ulipoanza 2004 shule hizi zimejaa kila kona, na shida yake ni nyingine kabisa. Bweni watu hawajuani. Kwenye kata watu wanajuana mno! Waliotoka shule moja ya msingi wanakaa dawati moja, wanakula pamoja, wanarudi pamoja. Yule aliyetoka kijiji cha pembeni peke yake anabaki anahesabu mabati. Dawa ni kuhesabu moja mpaka tano, mamoja wote kundi lao, mawili wote lao. Magenge yanavunjika bila ugomvi.

Kuna na kimbembe cha lugha. Wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari wanakutana na Kiingereza uso kwa uso. Mtoto anabanwa na haja, anaona soo kuomba ruhusa kwa sababu sentensi hana. Kwa hiyo michezo hii ianze kwa Kiswahili. Siku ya tatu au ya nne irudieni ile ile kwa Kiingereza. Mchezo anaujua tayari, ulimi nao unalegea. Na anayecheka kosa la mwenzake atoe mji palepale!

Mshikaji, usione haya ni mambo ya kitoto. Shule za serikali zilifutiwa ada kidato cha kwanza mpaka cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mzazi kauza kuku, kauza gunia la mahindi, tranka likapatikana. Halafu mtoto huyo huyo Ijumaa anaanza kuumwa tumbo lisiloonekana hospitali, anataka kurudi nyumbani, sababu watu walitaka kucheka. Mtafutieni rafiki mmoja tu wiki ya kwanza, tumbo litapona lenyewe.

Na wewe njuka unayesoma hapa, ukitaniwa jibu kwa adabu, wakicheka cheka nao. Wakikukataza kujibu, nenda kwa matroni au mwalimu wa zamu mapema. Hiyo siyo kusemea watu, ni kujitetea.

Tukutane wiki ijayo, Inshallah. Nakuachia Handeni yote, machungwa uyamenye mwenyewe!