Dawa ya risasi na vumbi la nyuma ya nyumba

Mama mmoja wa Lumuma, Kilosa, ananiuliza kama kweli ipo dawa ya kunywa inayotoa madini ya risasi mwilini mwa mtoto. Mumewe hufungua betri chakavu nyuma ya nyumba, na mtoto wao wa miaka mitatu huchezea hapohapo.

Ipo. Inaitwa saksima, na ina harufu kama ya yai viza. Hunasa risasi iliyo kwenye damu ikatoka kwa mkojo. Duru moja huchukua siku 19. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linaelekeza mtoto wa miaka 10 au chini apewe tiba hii damu yake ikifikia mikrogramu 45 kwa desilita. Lakini kuanzia mikrogramu 5 tu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Hapo kwenye chanzo ndipo tunapokwama. Risasi nyingi imejificha kwenye mifupa; dawa ikisimama, inarudi kwenye damu, na mtoto huenda akahitaji duru nyingine. Akiendelea kulamba vidole vyenye vumbi lilelile, tunatia maji kwenye pakacha. Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 vumbi la uchimbaji wa dhahabu liliua mamia ya watoto, Madaktari Wasio na Mipaka walitaka udongo wa majumbani usafishwe kwanza ndipo waanze tiba.

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, walirejeshewa na Mahakama ya Juu ya Kenya, Desemba 2024, fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Ni haki yao. Ila fedha hazirudishi akili ya mtoto iliyokwisha kudumazwa, na saksima nayo hairudishi.

Kwa hiyo mama, usinunue "dawa ya kusafisha sumu" mtaani. Saksima inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na kusumbua ini, hivyo hutolewa kwa vipimo. Mpeleke mtoto hospitali, umweleze daktari habari ya betri, uombe kipimo cha risasi kwenye damu. Kama hakipo hapo, omba rufaa.

Leo hii betri zihamishwe mbali na nyumba. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Baba abadili nguo na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Najua betri hizo ndizo zinaleta unga nyumbani. Sisemi aache kazi.