AI itabiri nini na damu haijapimwa?

Wasee, kila nikifungua simu naona mtu anasifu AI itakayotabiri ni mgonjwa gani wodini ataingiwa na bakteria kwenye damu. Sipingi. Lakini kabla hatujapiga makofi: itatabiri kwa kutumia nini?

Iko hivi. Mtu anaweza kubeba bakteria sugu tumboni, kama Klebsiella, na asiumwe popote. Shida ni akilazwa, kinga imeshuka, ana kanula mkononi au mpira wa mkojo. Wale wadudu wakipata njia ya kuingia kwenye damu, dawa za kawaida haziwagusi. Daktari akijua mapema nani amewabeba, ataanza na dawa inayofaa. Asipojua anabahatisha, na muda haumngojei.

Na kujua ni kupima tu. Msiniambie hayo ni mambo ya Ulaya. Kilifi hapo, matatu moja kutoka Kisauni, watafiti wa KEMRI na Wellcome walianza mwaka 1998 kuotesha maabara damu ya watoto wanaolazwa. Ripoti yao ya 2005 ilionyesha kwamba kati ya watoto waliofia hospitalini, 26% walikuwa na bakteria kwenye damu. Baadaye wakapima watoto wachanga: kama mmoja kwa kumi aliingia wodini tayari amebeba bakteria sugu, na zaidi ya nusu ya waliobaki wakawaokota humo humo wodini. Humo humo!

Shangazi yangu alilazwa mwaka juzi, sitaji wapi. Homa siku nne, antibayotiki zimebadilishwa mara tatu, na nikiuliza kuhusu kuotesha damu naambiwa hicho kipimo hatuna, kalipeni nje. Tukachangishana. Majibu yalitoka tushamzika.

Hata wewe ukibeti, si unaangalia kwanza timu imecheza vipi mechi zilizopita? Hii programu tunataka ibeti bila matokeo hata moja. Au ifunzwe kwa wagonjwa wa Boston halafu ije kutubashiria Changamwe, ambako wadudu ni wengine na dawa zilizoko kemist ni zingine.

Kwa hivyo mheshimiwa akija Likoni na slaidi zake za AI, muulizeni chupa za kuoteshea damu ziko wapi. Muulizeni pia kama sinki za wodi zina maji na sabuni.

Mtaniambia niliacha chuo, najua nini mimi. Haya, nionyesheni maabara.