Jina tunalomwita mtoto

Juma hili tuangalie neno moja la Kiingereza: imp. Waingereza humwita hivyo mtoto mtundu, yule anayeficha viatu vya kaka yake halafu anasimama mlangoni akicheka. Leo ni neno la mzaha, lakini halikuanza hivyo.

Zamani imp lilikuwa neno la shamba. Maana yake ni chipukizi, kitawi kinachokatwa na kupandikizwa kwenye mti mwingine. Baadaye likawa jina la mtoto, kwa heshima kabisa, kama sisi tunavyowaita vijana wetu chipukizi. Katika kanisa la St Mary, mjini Warwick, kuna kaburi la mtoto wa bwana mkubwa aliyefariki mwaka 1584. Maandishi yake yanamwita imp kwa sifa.

Lakini watu walizoea pia kusema imp wa shetani, yaani mtoto wa shetani. Polepole maana hiyo ikashinda, imp akawa pepo mdogo. Hapo kilio kikaanza. Mwaka 1645, katika jimbo la Essex, wanawake wengi, wengi wao maskini, walishitakiwa kwamba ni wachawi wanaolisha imp nyumbani. Paka au panya aliyeonekana kwao alihesabiwa kuwa ushahidi. Baadhi yao walinyongwa. Mashitaka ya namna hiyo yalikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1735.

Sisi wa Kongo tusiwacheke. Kwetu pia kuna mtoto anayekojoa kitandani, au yatima aliyeletwa kwa shangazi, na siku ugonjwa ukiingia nyumbani anaitwa mlozi. Anafukuzwa, analala barabarani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumshitaki mtoto uchawi.

Basi tuanze na midomo yetu. Mtoto akivunja sahani, tumwambie: umevunja sahani. Tusimwambie: wewe shetani. Sahani itasahauliwa kesho, jina litabaki naye. Na tukisikia jirani anamwita yatima mlozi, tusinyamaze. Twende kwake wawili watatu, tukae, tuongee naye kwa upole, na mtoto tusimwache peke yake.

Kwenye mkutano wetu ujao, kila mama aje na jina moja alilowahi kumwita mtoto wake na ambalo hataki kulitamka tena.