Kukumbuka Si Kutulia

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na leo yafaa tuitumie kuipima biashara moja iliyosifiwa mno duniani: programu za simu zinazodai kuponya huzuni, hofu na uchovu wa moyo kwa mafundisho ya Budha. Wapo wasemao kwamba programu hizi zifasiriwe kwa Kiswahili na kuingizwa shuleni, ili mwanafunzi aliyefadhaika ajitenge na simu yake kwa dakika 10, kisha atoke ametulia. Mimi napinga. Siyapingi mafundisho yenyewe, wala sipingi mitambo. Napinga kuuziwa sehemu ya kitu kwa jina la kitu kizima, na napinga zaidi lugha yetu kutumiwa kuufunika udanganyifu huo.

Tuanze na neno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Katika Kipali, lugha ya vitabu vya kale vya Wabudha, neno linalohusika ni “sati”. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kukumbuka. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyewahi kuwa hakimu huko Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, alilifasiri kwa neno la Kiingereza lililo karibu na “uangalifu” wetu, na tafsiri yake ikaenea. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, akayavua mavazi ya dini ili hospitali iyapokee. Kisha zikaja programu za simu za kampuni za Headspace, iliyoanzishwa mwaka 2010, na Calm, iliyoanzishwa mwaka 2012. Kila hatua ilipunguza kitu. Kukumbuka kukawa uangalifu, uangalifu ukawa tiba, na tiba ikawa usingizi mnono unaolipiwa ada. Sasa Kiswahili nacho kinaombwa kuimaliza kazi hiyo kwa neno “utulivu”.

Kukumbuka nini? Budha alifundisha Njia yenye Sehemu Nane, na sati ni ya saba. Zinazoitangulia ni mtazamo sahihi, nia njema, maneno ya kweli, matendo mema, riziki isiyodhuru viumbe, na juhudi. Utulivu wa fikira una nafasi yake, nayo ni ya nane. Kukumbuka ni kuuweka akilini mwili, hisia, hali ya moyo na mafundisho yenyewe, saa zote, kazini na nyumbani. Mtu akikumbuka hivyo huenda asitulie hata kidogo. Huenda akatambua kwamba anawadhulumu watumishi wake, au kwamba yeye mwenyewe anadhulumiwa. Mwajiri anayewagawia wafanyakazi wake programu ya utulivu badala ya kuwapunguzia saa za kazi hataki wakumbuke. Anataka watulie.

Watajibu kwamba wataalamu wamethibitisha faida zake. Ni kweli kwa kiasi, na haki yatudai tukiri. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine la Marekani lilichapisha tathmini ya majaribio 47 yaliyohusu watu 3,515. Ilionekana kwamba mafunzo ya kutafakari hupunguza kwa kiasi fulani wasiwasi, huzuni na maumivu. Lakini tathmini hiyohiyo haikupata ushahidi kwamba kutafakari kunazishinda tiba nyingine, kama vile dawa au mazoezi ya viungo. Anayeitangaza nusu ya kwanza na kuimeza nusu ya pili ni mchuuzi, si mwalimu.

Tukitazame pia chombo chenyewe. Budha alifundisha kwamba mateso hutokana na uchu. Programu hizi humhesabia mtu siku alizofuatanisha bila kukosa, humtumia ujumbe akichelewa, na kumtia hofu ya kuukata mfululizo wake. Basi hupanda uchu mpya katika shamba walilodai kulipalilia. Simu ileile iliyomkosesha kijana usingizi ndiyo inayomwuzia usingizi, kama panya aumaye huku akipuliza. Mwaka 2019 kampuni ya Calm ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1. Sioni ni kwa nini mwenye faida kama hiyo atamani tupone.

Wabudha husimulia habari za Kisa Gotami, mwanamke aliyefiwa na mtoto, akazunguka na maiti mikononi akiomba dawa. Budha hakumwambia afumbe macho avute pumzi. Alimtuma akaombe haradali katika nyumba ambayo hajapata kufa mtu. Akabisha hodi mlango kwa mlango. Haradali ilikuwapo; nyumba isiyojua msiba haikuwapo. Kwa kuyasikia ya wenzake alielewa, akaenda kumzika mwanawe. Nani miongoni mwetu asiyeifahamu dawa hiyo? Ndiyo maana tunakaa matanga. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Nao huingia kwa mlango, wakaketi mkekani. Programu ya simu humwambia mfiwa aufunge mlango na kuyaziba masikio kwa visikizio.

Sisemi kwamba simu haiwezi kutumiwa kwa haki. Watawa wa Plum Village, jumuiya iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982 na Thich Nhat Hanh wa Vietnam pamoja na wenzake, hutoa programu yao bila malipo, na mna ndani yake kengele ya kumkumbusha mtu asite kidogo na kuvuta pumzi. Lakini nyuma ya kengele ile wapo watu wanaoishi na kufanya kazi pamoja kwa maadili waliyoahidi kuyashika. Nasi Uganda tunacho tangu mwaka 2005 kituo cha Wabudha kilichoanzishwa na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Atakaye kuyajua mafundisho haya aweza kumwendea mtu akamwuliza.

Ndugu walimu, lugha yetu si maskini hata ikubali tafsiri ya kuchakachua. Inajua tangu zamani kwamba kukumbuka ni kazi ya moyo: neno dhikiri, tulilolipata kwa Waarabu, lina maana hiyohiyo, na mara nyingi watu huifanya wakiwa wamekaa pamoja. Imani ni mbalimbali, lakini neno lipo. Basi tukiombwa kufasiri, sati tuiite kukumbuka, na zile sehemu saba zilizoachwa tuzidai zote. Na tukiletewa programu shuleni, tumwulize muuzaji: simu ikizimika, nani atakayebaki na mtoto huyu? Akikosa jibu, tujue kwamba kazi hiyo ni yetu, na tuwe tayari kumkaribisha mtoto akibisha hodi.