Stade des Martyrs: tiketi ngapi, milango mingapi?



Watu 11 tarehe 29 Oktoba 2022. Watu 9 mwezi wa saba 2024. Kiwanja ni kilekile, Stade des Martyrs ya Kinshasa. Mara ya kwanza walienda kumsikiliza Fally Ipupa, mara ya pili Mike Kalambay, mwimbaji wa nyimbo za Mungu. Hakuna aliyeenda kupigana.

Lakini kila mara tunasikia wimbo mmoja: vijana ni wa vurugu. Tunakataa. Kati ya wale 11 wa kwanza mulikuwa polisi wawili, nao walikosa hewa kama wengine. Na serikali yenyewe ilisema mwaka ule kwamba watu waliingizwa kupita uwezo wa kiwanja. Kiwanja cha watu 80 000! Basi nani aliuza tiketi za kupita hapo? Nani alikuwa mlangoni anahesabu, ao hakuna aliyehesabu?

Tena kupanga wanajua. Februari 2023 Papa Francis alikutana na vijana palepale. Januari 2024 Rais aliapa palepale. Kumbe inawezekana! Siku mgeni ni mkubwa, kila kitu kinapangwa. Siku ni sisi tu na mpira wetu ao muziki wetu, tusukumane.

Kiwanja kilifunguliwa 1994 kwa jina la Kamanyola. Mwaka 1997 kikapewa jina la wale wanne ambao utawala wa Mobutu uliwanyonga pahali pale, mbele ya umati, mwezi wa sita 1966: Kimba, Anany, Bamba na Mahamba. Majina yao tunayajua. Wale 20 wetu, wamebaki hesabu tu.

Kwa hiyo tunadai: kabla ya kila mechi na kila konseri, idadi ya tiketi itangazwe wazi. Milango ya kutokea ibaki wazi mpaka mtu wa mwisho atoke. Ripoti za vifo vya 2022 na 2024 ziwekwe mbele ya raia, zikiwa na jina la kila mwenye kuwajibika. Na majina ya wale 20 yaandikwe pale, kama familia zao zinakubali.

Wewe unayeenda kuona Léopards: ukikuta mlango wa kutokea una kufuli na watu wako ndani, piga picha, andika saa na namba ya mlango, ututumie. Tutaitangaza siku ileile.